Dirisha la Chumba cha Mzazi

Siku ile mjinga alikuwa Ngosha, na yeye mwenyewe hakatai. Mkute leo amekaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi analolilinda, rungu limelala mapajani, umuulize, atakwambia, "Mjinga nilikuwa mimi. Wengine walinisaidia tu." Atacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni, halafu ataangalia pembeni. Hapo mwache. Mtu akishakiri ujinga wake kwa kinywa chake, anayeendelea kumchimba anatafuta ugomvi.

Mambo yenyewe yalianza na suruali.

Nyumba ya Ngosha iko Igogo, mlimani, imebanwa kati ya majabali mawili kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Upepo wa ziwani huifikia kabla haujamfikia mtu mwingine. Madirisha yake ni ya mbao na vioo. Aliyanunua kwa bei ya kuokota kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa, akayapandisha mlimani kwa mabega ya vibarua huku akijiona mjanja kuliko fundi. Alichosahau kukagua ni vishikio. Vyuma vilikuwa vimelika kwa uzee. Ukikishika kishikio ukakizungusha, kinazunguka chote bila kukamata kitu. Madirisha yale yalifungwa kwa kusukumwa, kisha kwa kumwomba Mungu.

Nondo zilikuwepo kwa ndani, tena nene. Lakini nondo humzuia mtu, hazizuii mti. Usiku mmoja mtu ambaye hajajulikana mpaka leo alilivuta dirisha, likamkubalia kama mlango wa kanisa, akapitisha mti mrefu wenye ndoano, akavua suruali ya sare ya Ngosha iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Mfukoni mlikuwa na simu. Mwanza ni mji wa wavuvi. Wengine ni vile tu hawaendi ziwani.

Sasa fikiria. Mlinzi. Mtu anayelipwa kulinda mabati na saruji za watu, anavuliwa suruali akiwa amelala nyumbani kwake mwenyewe. Siku chache kabla, mlinzi mwenzake, Obedi, alikuwa amesimulia habari za mlinzi mmoja wa kwenye godauni la pamba aliyeibiwa redio nyumbani kwake, na Ngosha alicheka mpaka akashika ukuta. Aliposikia kicheko kile kinarudi kichwani, alijua zamu yake imefika. Basi hakusema. Kazini alidai suruali imechanika kwenye seng'enge, akaazima ya Obedi. Obedi ni mfupi. Ngosha akalinda duka mwezi ule mzima vifundo vya miguu vikipigwa jua.

"Baba, nunua vishikio," mkewe Precious alimwambia. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, siku zozote angejifungua. "Vishikio tu na skrubu zake. Wewe si unalala mlangoni pa duka linalouza?"

"Mzigo haujafika."

"Haujafika wapi?"

"Dukani. Unatoka Dar. Tajiri anasema wiki ijayo."

Uongo ule ulimtoka laini kama mate. Vishikio vilikuwepo, boksi zima, vimetundikwa kwenye waya juu kidogo ya kiti chake cha ulinzi. Upepo ukivuma viligongana na kumchekelea. Kwenye maduka mengine siku hizi wanauza vya aluminiamu tu. Vile vya zamani, vya dirisha la mbao, vilikuwa vimebaki kwa tajiri wake Abubakary peke yake. Lakini ukimwomba Abubakary kishikio, atauliza kulikoni. Naye Obedi, ambaye tangu siku ya suruali alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, hahitaji swali la pili. Mwenye aibu hudhani kila anayefungua mdomo ameshajua.

Kwa hiyo Ngosha hakununua vishikio. Alikwenda duka la mbali, kule ambako hakuna anayemfahamu, akanunua misumari ya inchi nne na komeo moja kubwa la mlango, komeo la kufungia godauni. Jumapili, wakati wenzake wako ibadani, alizunguka nyumba na nyundo akapigilia madirisha yote kwa nje, mbao kwa mbao. La chumbani, lile la suruali, alilipa misumari mingi kuliko mengine, kama mtu anayelipa kisasi. Komeo akalifunga kwenye mlango wa mbele.

"Haya," alisema, akijifuta jasho. "Sasa waje."

"Na hewa nayo ije kupitia wapi?" Precious aliuliza.

"Hewa haijawahi kushindwa kuingia nyumba ya maskini."

Precious hakucheka. Alikuwa anatazama bawaba za mlango. "Umeweka komeo la benki kwenye mlango ambao bawaba zake zimeoza. Hizo nazo nimekwambia mwezi mzima. Skrubu zinatoka ukizigusa."

"Nitazibadilisha."

"Mzigo ukifika," Precious alisema, akaingia ndani.

*

Mtoto alizaliwa wa kike, wakamwita Kija. Mama yake Ngosha, Paskazia, akateremka kutoka Kisesa na jogoo mmoja, karanga, na masharti. Aliingia chumba cha mzazi, akasimama katikati, akapeleka pua huku na huku kama anayetafuta moshi.

"Vizuri," alisema alipoliona dirisha. "Hapa hakuna upepo. Ngosha, leo umefanya jambo la kiume."

Ngosha akavimba kwa sifa. Hazikuwa zinamjia mara nyingi.

Paskazia aliwasha jiko la mkaa nje, akalisubiri likolee, akalileta chumbani miguuni pa kitanda. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, kila siku. Kwake mzazi ni chungu kibichi: asipopata moto atapasuka uzeeni, kiuno kitauma, maziwa yatakauka, na watu watauliza mkwe alikuwa wapi. Alimkanda Precious kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa ulezi wenye pilipili manga mpaka machozi yakamtoka. Usiseme hakumpenda. Alimpenda kama anavyopenda mtu ambaye hakufundishwa kusema "pole": kwa kazi.

"Mama, kichwa kinaniuma," Precious alisema siku ya tatu ya jiko.

"Umezaa, mwanangu. Ulidhani hutaumwa?"

"Kinauma jiko likiwa ndani. Likitoka, kinaacha."

"Ni damu inatafuta njia. Mimi nimezaa saba, wote kwa jiko, na mkwe wangu hakunipa hata mto. Kunywa uji."

Jioni Precious alimngoja mumewe avae viatu vya kazi, akamshika mkono. Alizungumza kwa sauti ya chini ili mama asisikie. "Baba Kija, ng'oa misumari ya dirisha hili moja. Moja tu. Niwe nalifungua mama akitoka."

"Mwizi anahitaji madirisha mangapi, Precious? Anahitaji hilohilo moja."

"Basi leta vishikio."

"Mzigo—"

"Najua. Dar."

Alimwachia mkono. Ngosha akashuka mlima kwenda kazini, akakaa kwenye kiti chake chini ya vishikio, na upepo wa ziwa ukavigonganisha usiku kucha. Aliwahi kuinuka mara moja akavishika kwa kiganja ili vinyamaze. Obedi akamuuliza anatafuta nini. "Popo," Ngosha akasema.

*

Mvua ya siku ile ilitoka ziwani asubuhi, nyeusi, imelala juu ya maji kama blanketi lililoloweshwa. Ilipofika Igogo haikubisha hodi. Paskazia alikuwa na jiko barazani. Mkaa ulikuwa nusu mweusi nusu mwekundu, bado unatoa harufu kali. Siku nyingine angengoja. Lakini matone yalianza kuruka barazani, akaona moto utazimwa, akaliinua jiko na kulipeleka chumbani kama lilivyo. Akausukuma mlango wa chumba kwa kisigino ili baridi isiingie.

"Nakwenda kwa Fadhila mara moja," alisema. Fadhila ni jirani, nyumba yake iko nyuma ya jabali la kwanza. Mumewe husafirisha mchele, na jikoni kwake hakukosi kitu. "Pilipili manga imekwisha. Njoo ufunge komeo nyuma yangu. Mumeo akikuta mlango wazi atatutoa roho."

Precious alijikokota, akafunga lile komeo la godauni, akarudi kitandani. Mtoto alikuwa analia njaa. Alimweka kwenye titi, akamfunika. Mvua ikashuka juu ya mabati kwa mkupuo mmoja, na dunia yote ikawa kelele moja.

Kichwa kilianza kama siku zote, nyuma ya masikio. Kisha kikashuka shingoni. Alifikiri, nitalisogeza jiko mlangoni. Fikra ile ikaja, ikakaa, ikaondoka bila kumwinua. Kija aliachia titi. Precious alimtazama akaona amelala, akafurahi. Kisha akaona mdomo wa mtoto umebaki wazi na maziwa yanachuruzika pembeni, naye hayamezi.

"Kija," aliita. Hakuisikia sauti yake. Alimtikisa. Kichwa cha mtoto kilikwenda upande huu, kikarudi upande ule.

Hofu ilimpandisha pale ambapo nguvu ilishindwa. Alishuka kitandani, magoti yakakataa, akaanguka kwa mikono. Mlango ulikuwa ng'ambo ya jiko, mbali kama Busisi upande wa pili wa ziwa. Dirisha lilikuwa karibu. Akatambaa, akajivuta kwa nondo, akapitisha mkono katikati yake na kukikamata kishikio. Mwili ulikuwa umesahau kile ambacho akili ilikuwa inajua. Akazungusha. Kikazunguka. Akazungusha tena, kikazunguka chote, laini, bila kushika kitu, na nje ya kioo, kwa umbali wa kiganja, mvua ilikuwa inamwaga hewa yote ya Ziwa Victoria bure.

Ndipo akakumbuka misumari. Akasukuma kwa ngumi. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na kikombe cha bati cha uji; akakirusha kwenye kioo, kikagonga nondo, kikarudi kumwangukia kifuani. Alijaribu kumwita mama. Alijaribu kumwita hata mwizi. Kweli, alisimulia baadaye: wakati ule alimtamani yule mtu wa mti na ndoano, apite tu, alivute.

Halafu mkono ukateleza kwenye nondo.

*

Ngosha alifika ameloa mpaka kwenye mifupa. Aligonga. Mvua ilikuwa inagonga pia, nayo ilikuwa na mikono mingi kuliko yeye. Aliita, "Mama! Mama Kija!" Kimya. Akagonga kwa rungu. Kimya.

"Wamelala," alijiambia, na moyoni akakasirika kidogo: mtu atoke kazini anyeshewe mvua kwenye mlango alioununulia komeo mwenyewe! Kisha hasira ikageuka fahari. Aliusukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Hapo sasa, alifikiri, hapo hata shetani atarudi. Akakaa barazani, akavua viatu, akamimina maji, akakamua soksi. Akapiga mluzi. Msomaji anayetaka kumtukana, na afanye hivyo hapa. Yeye mwenyewe, akifika sehemu hii, hujitukana wa kwanza.

Mvua ilipopungua kidogo, Paskazia na Fadhila walitokea nyuma ya jabali, wamejifunika turubai moja, Fadhila akimshika bibi mkono kwenye utelezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekaa nje kama mgeni?"

"Wamelala. Nimegonga nimechoka."

"Mtoto naye halii?" Fadhila aliuliza.

"Halii. Ametulia leo."

Paskazia alisimama. Pakiti ya pilipili manga ilikuwa mkononi mwake. "Nimemwacha analia njaa," alisema taratibu. "Yule mtoto hatulii."

Waliangaliana. Wote watatu walikimbia upande mmoja, upande wa dirisha.

Kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu kwa ndani. Ngosha akakifuta kwa nje, kama mjinga, ukungu ukabaki palepale. Akabandika uso. Aliona wekundu wa jiko. Aliona kitanda na kitu kidogo kimefungwa kanga. Kisha akaangalia chini na kuona mkono wa mkewe, umelala sakafuni, kiganja juu, kana kwamba unaomba kitu.

"Mayu wane!" Paskazia alilia, akimwita mama yake aliyekufa zamani. "Nimewaua!"

Ngosha aliivamia mbao kwa kucha. Alijaribu kung'oa misumari yake mwenyewe kwa vidole, inchi nne, aliyokuwa ameipiga ikazama kichwa na vyote. Damu ikatoka. Fadhila akampiga kofi la mgongo. "Kioo! Una rungu, wewe! Vunja kioo!"

Akavunja. Kioo cha kwanza, cha pili, vyote. Joto zito likampiga usoni, na harufu ile. Mkono ulipita kwenye nondo mpaka begani, vidole vikagusa nywele za Precious, havikufika zaidi. Aliweza kumgusa mkewe na asiweze kumtoa. Nondo zile alizichagua yeye. Aliwahi kumwambia fundi, ziwe nene, mtu asipite.

"Mlango!" Fadhila alikuwa ameshakimbia.

Komeo lilifanya kazi lililonunuliwa kuifanya. Ngosha alilipiga kwa bega, kwa teke, kwa bega tena, mguu mtupu ukachanika kwenye kizingiti, nalo likasimama imara, jipya, linang'aa. Alianza kulia kwa sauti, mtu mzima, mlinzi, mbele ya mwanamke wa jirani. Paskazia ndiye aliyekuja na jiwe. Lilikuwa kubwa, la kupasulia kuni, na mpaka leo hakuna anayejua alilinyanyuaje. Hakulipiga kwenye komeo. Alilipiga upande wa pili, kwenye bawaba.

Skrubu zikatoka kama meno ya mzee. Bawaba ya juu, kisha ya chini, zile zilizooza, zile ambazo Precious alizisema mwezi mzima. Mlango ukafunguka kwa nyuma, ukaning'inia kwenye komeo lake zuri. Unaona dunia ilivyo? Kilichonunuliwa kiwalinde kilikuwa kinawazika, na ubovu alioacha kuutengeneza ndio uliowahurumia.

Waliwatoa barazani, mvua ikiwapiga usoni. Precious alikuwa anapumua, kwa mkoromo wa ajabu. Kija hakuwa anafanya chochote. Fadhila alimweka kwenye mapaja yake, akampulizia usoni, akamsugua nyayo, akampulizia tena, midomo yake ikisoma dua kati ya pumzi na pumzi. Ngosha alisimama hajui aweke wapi mikono. Alitaka kuuliza, akaogopa kujibiwa.

Kisha mtoto akapiga chafya. Kilio kilichofuata kilikuwa chembamba, kama cha paka aliyefungiwa mahali, na Paskazia akakaa chini kwenye matope na sketi yake ya kanisani.

*

Hospitalini, muuguzi aliuliza kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. "Jiko lilikuwa ndani?"

"Ndiyo."

"Madirisha yalikuwa wazi?"

"Hapana."

"Kwa nini hamkufungua hata moja?"

"Yamepigiliwa misumari."

Muuguzi aliinua macho. Alitazama sare, nembo ya mlinzi, suruali fupi, mguu uliofungwa kitambaa. "Nani aliyapigilia?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamenyamaza ili wasikie vizuri. "Mimi," Ngosha alisema.

Mama na mtoto waliwekewa hewa. Daktari alisema mama atapona, kichwa kitamsumbua kwa muda. Kuhusu mtoto alisema maneno mengi, na katikati yake Ngosha akashika haya tu: "Tutamwangalia anavyokua." Tangu saa ile alianza kupitisha kidole mbele ya macho ya Kija, polepole, kulia, kushoto. Macho yakifuata, anapumua. Yasipofuata, anajiambia mtoto ana usingizi. Hofu ile haijamtoka mpaka leo. Imehama tu, kutoka dirishani kwenda kwenye macho ya mtoto.

Kesho yake Abubakary alikuja na Obedi kutoa pole, wamebeba juisi na maembe. Abubakary ni mtu wa utani na moyo, mara nyingi huvitoa pamoja. Alimpa Precious pole, akamwombea mtoto, kisha akamgeukia Ngosha.

"Lakini mlinzi, misumari? Kwa nini misumari, ndugu yangu?"

"Vishikio vimekwisha, tajiri. Vimelika."

"Si ungebadilisha."

Ngosha alimwangalia kwa macho ya mtu anayezama. Abubakary hakuyaona.

"Vile vya mbao, vya zamani? Mbona vipo boksi zima! Vinashika kutu, hakuna anayenunua. Wewe si unakaa chini yake kila siku? Ungesema tu, ningekupa bure."

Obedi alishusha macho taratibu mpaka kwenye suruali, akainua tena. Alikuwa ameelewa yote. Kwa heshima yake, hakucheka.

Precious alivuta shuka, akageukia ukutani.

*

Waliporudi nyumbani, vishikio vilikuwa vimefika kabla yao. Ngosha aliving'oa vya zamani kwa bisibisi, akafunga vipya, akabadilisha bawaba za mlango, akaweka vioo. Alifanya kazi siku nzima bila mluzi. Ilipofika jioni, kabla jua halijaanguka ziwani, alimwita mkewe aje aone. Akazungusha kishikio cha chumbani. Kikakamata kwa mlio mdogo, tak. Akafungua, upepo ukaingia, pazia likaruka.

"Funga, mzazi anapigwa na upepo," Paskazia alisema kutoka mlangoni. Mazoea ndiyo yaliyosema. Kisha akajisikia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Siku zile alikuwa amezeeka. "Nyumba niliyowazalia ilikuwa ya nyasi," alisema, kama anayejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. "Moshi ulipita juu, upepo ulipita chini. Nyumba ilikuwa inapumua yenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba hii haipumui."

"Si wewe, mama," Ngosha alisema.

"Ni mimi na jiko langu. Na ni wewe na misumari yako. Tusiligombanie kosa, linatutosha wote."

Ngosha akalifunga dirisha, akaegemea nondo. Chini, kwenye njia ya mawe, watu wawili walikuwa wanapita, mmoja amebeba mti mrefu begani, wa kujengea labda. Alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya jabali. Kisha mkono wake ukashuka kwenye kopo alilokuwa ameliweka kwenye ukingo wa dirisha.

Precious aliliona. "Kopo la nini hilo?"

"Vitu vya kazi."

Alilichukua, akalitikisa. Misumari ya inchi nne, iliyokuwa imepinda, ameinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo.

"Mama Kija, nisikilize," Ngosha alisema haraka. "Sio yote. Mmoja tu, hapa chini, niwe naupachika ninapokwenda zamu ya usiku. Asubuhi nautoa. Mchana fungua unavyotaka. Wewe hujui watu wa siku hizi. Kishikio kipya si kitu kwao. Mimi kazi yangu ni hii, nawajua. Siwezi kukaa kule kwa watu nikijua mmelala hapa na kishikio peke yake. Naogopa, Precious. Huoni kwamba naogopa?"

"Naona."

"Basi unielewe. Mwizi akija je?"

Precious alisogea dirishani. Alipitisha mkono kwenye nondo, akazungusha kile kishikio, akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta wa nje. Akamimina kopo lote kwenye majabali. Misumari ikalia ikishuka mlima.

"Mwizi aliingiza mti, akatoka na suruali," alisema. "Wewe uliingiza misumari, ikabaki kidogo utoke na majeneza mawili. Sasa niambie, baba Kija: usiku nilale namwogopa nani?"